Maua ya karatasi, mayai ya maganda ya vitunguu na mdomo wa wifi

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, Pasaka hiyo inakuja na mimi mkono wangu mzito, hata karatasi siwezi kuikata ikanyooka. Nifanyeje na mimi nyumba yangu ionekane ina sikukuu?" Mdogo wangu, ujumbe wako umenikuta jikoni, vidole vimeingia rangi ya kahawia mpaka kwenye kucha, kwa hiyo umenikuta kazini kabisa. Nitakujibu. Ila vumilia kwanza nitoe la moyoni, maana umegusa mahali.

Miaka kadhaa nyuma nilipamba sebule kwa Pasaka kwa mikono yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Maua ya karatasi juu ya kabati, matawi makavu ndani ya chupa, mayai yananing'inia. Nilijiona malkia. Wageni wakaja, wifi yangu akiwemo. Akachukua ua moja kwa vidole viwili, akaligeuza huku na huku, akalirudisha, kisha akauliza kwa sauti ambayo hata aliyekuwa mlangoni aliisikia: "Wifi, ndiyo mmekosa kabisa hela ya maua?" Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka. Kicheko cha wageni nilikisahau kabla hawajaaga. Cha mume wangu nakikumbuka hadi leo, na yeye anajua kwamba nakikumbuka.

Sasa sikilizeni. Mwaka huu wifi huyo huyo kanipigia simu, sauti imejaa asali. "Wifi yangu kipenzi, yale mayai yako yenye picha ya jani unayafanyaje?" Nikamweleza. Nilimweleza yote isipokuwa hatua moja, na hiyo nawapa ninyi hapa bure. Mniombee.

Haya, mayai. Kusanya maganda makavu ya vitunguu maji, yale ya nje yanayotoa sauti ukiyaminya. Ya vitunguu kumi au kumi na viwili yanatosha lita moja ya maji. Chemsha nusu saa hivi mpaka maji yawe mekundu ya kutu, chuja, yaache yapoe, tia vijiko viwili vya siki. Siki haiwekwi kwa mazoea tu: ganda la yai ni kalisi kaboneti, na ile asidi hulikwaruza kidogo juu ili rangi ipate pa kushika. Usizidishe wala usiliache yai humo siku nzima, maana asidi hiyo hiyo italila ganda lenyewe.

Kabla yai halijaingia kwenye maji hayo, tafuta jani dogo lenye ukingo wa kukatika katika. La giligilani ni zuri mno, la karoti pia. Lilowanishe, lilaze juu ya yai upande wenye mishipa ukiangalia chini, lipapase kwa kidole mpaka kila ncha ilale. Kisha chukua kipande cha soksi ndefu ya nailoni, ile nyembamba ya kike iliyokwisha chanika, livishe yai, ivute kwa nyuma, isokote na uifunge kwa uzi. Hapa ndipo nilipomnyima wifi. Soksi ikazwe mpaka jani lisiweze kusogea hata ukilisukuma kwa ukucha. Ikilegea, rangi inapenya chini ya jani na picha inakuwa baka. Yake yalitoka mabaka. Nimeona picha, nikamtumia moyo mwekundu.

Weka mayai kwenye maji ya rangi yangali mabichi, yachemke humo dakika kumi hadi kumi na mbili, yapoe ndani ya maji hayo. Ukitaka rangi nzito zaidi, sufuria nzima iingie kwenye friji mpaka asubuhi. Kata soksi, bandua jani, na usiguse. Nasema usiguse! Rangi ikiwa mbichi inafutika kwa kidole. Yai likishakauka ndipo unalisugua kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya kula, na hapo linang'aa, jani linabaki limechorwa kwa rangi ya ganda lenyewe hadi kamshipa ka mwisho. Mara ya kwanza nilipoliona nilimwita kila mtu nyumbani aje atazame. Hakuja mtu. Nikatazama mwenyewe.

Rangi nyingine ziko jikoni vilevile. Manjano hutoa njano kali. Kabichi ya zambarau hutoa buluu, si zambarau, na hilo huwashangaza wengi: rangi ya kabichi hubadilika kwa asidi na alkali, na ganda la yai huivuta upande wa alkali. Tumia mayai meupe kwa hiyo, ya kahawia yataharibu buluu. Bitiruti mimi nimeachana nayo. Inakutia wekundu mikono, ubao wa kukatia na shati, halafu yai linatoka waridi iliyopauka.

Kuna pia njia ya mshumaa, na hii ni ya watoto. Chora kwa mshumaa mweupe juu ya yai jeupe lililochemshwa na kupoa, kisha lizamishe kwenye rangi iliyopoa kabisa, kwa sababu ya moto itayeyusha nta. Palipopita mshumaa panabaki peupe. Waukraine wameufikisha ufundi huu wa nta mbali sana, rangi juu ya rangi, mistari myembamba kama nywele, na mayai yao ya pysanky yaliingizwa na UNESCO mwaka 2024 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wewe usianzie huko. Anza na mistari mitatu na nukta.

Jambo moja la usalama, na hapa sitanii. Yai lililochemshwa likakaa mezani zaidi ya saa mbili ni la kupamba, si la kula. Amua mapema. La kula lirudi kwenye friji na liliwe ndani ya wiki. La kutundika litobolewe: lioshe, toboa kwa sindano juu na chini, tundu la chini liwe kubwa kidogo, vuruga kiini kwa sindano ndefu, kisha sukuma hewa kwa bomba la sindano mpaka vyote vitoke. Wengi hupuliza kwa mdomo. Mimi sipendekezi, yai bichi linaweza kuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha. Lisuuze, likauke, pitisha uzi. Kilichotoka kipike siku hiyo hiyo.

Msomaji wangu ameuliza kuhusu karatasi kutonyooka. Maua ya karatasi hayahitaji mkasi ulionyooka hata kidogo. Panga karatasi laini za kufungia zawadi, sita au nane, moja juu ya nyingine. Zikunje zote kwa pamoja kwa mkunjo wa feni, mbele na nyuma, upana wa kidole. Funga katikati kwa waya au uzi, viringisha ncha mbili kwa mkasi, kisha vuta karatasi moja moja kuelekea katikati. Polepole, zinachanika. Ndiyo hivyo, ua limeisha. Tumia nyeupe tano na njano moja ya katikati, usichanganye rangi saba. Watu wanachanganya rangi saba halafu wanasema kazi ya mikono haipendezi!

Sungura wa soksi nitampitia haraka kwa sababu kila mtu anamjua. Soksi ya mtoto iliyopotelewa na mwenzake, mchele ndani, uzi mara mbili kupata kichwa na tumbo, sehemu ya juu ikatwe katikati iwe masikio. Macho kwa kalamu. Basi.

Yai la uzi lina kazi kidogo zaidi, ila ndilo linalosifiwa kuliko yote. Puliza puto dogo bila kulijaza, ili libaki na umbo la yai. Lipake mafuta ya kujipaka, uzi usije ukang'ang'ania. Changanya gundi nyeupe mafungu mawili na maji fungu moja, loweka uzi wa kufuma humo, uzungushe kwenye puto kila upande huku ukiacha madirisha. Litundike hadi kesho yake. Likishakauka kabisa, yaani gumu na linalia ukiligonga, toboa puto na ulitoe kupitia moja ya madirisha. Unaweza kuweka ndani taa ndogo ya betri. Mshumaa usithubutu, huo ni uzi na gundi.

Kwa wanaopenda kitu kinachoota, majira ya kuchipua yenyewe yanaingia ndani ya nyumba kwa punje za ngano. Ziloweke usiku kucha, zitandaze kwa wingi juu ya pamba iliyolowanishwa ndani ya maganda ya mayai yaliyokatwa juu, na uwachoree hao mayai nyuso. Siku saba hadi kumi baadaye wana nywele za kijani urefu wa kidole, na watoto watagombania kuwanyoa. Shida ni tarehe. Pasaka haikai mahali pamoja: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, hivyo kwa makanisa ya magharibi huangukia popote kati ya Machi 22 na Aprili 25. Fungua kalenda, hesabu kurudi nyuma siku kumi, otesha siku hiyo. Maji yawe ya kunyunyiza, si ya kumwaga, ukiyazidisha utavuna ukungu.

Walio kwenye nchi ambako miti hupukutisha majani wakati wa baridi wana bahati yao. Wakate matawi yenye vitumba, wayaweke kwenye maji ndani ya nyumba yenye joto, na yatachanua mapema kabla ya wenzao wa nje. Tundika mayai yako humo. Wengine, tawi kavu lolote lenye vijitawi vingi linatosha, na mimi binafsi napenda kavu kuliko la maua. Yai linaonekana.

Sasa mnisikilize vizuri, maana kuna jambo linaniuma ninapoona mnavyohangaika. Mnaangalia picha za watu wenye vyumba vyeupe na mwanga wa dirishani, mnataka vyote kwa siku moja: shada la mlangoni, sungura, mayai, maua, vitambaa. Jumamosi usiku mnalia. Fanya kimoja. Kimoja! Mayai ya jani tu, kumi na mawili, ndani ya bakuli moja katikati ya meza, hayo yanatosha nyumba nzima. Yai la kwanza la Fabergé, sonara wa wafalme wa Urusi, ambalo Tsar Alexander III alimpa mkewe mwaka 1885, kwa nje lilikuwa jeupe tupu. Utajiri wote ule, na nje hawakuweka kitu. Halafu wewe unabandika vito vya plastiki mpaka yai halionekani.

Na watoto waacheni wafanye. Nimeona mama akimpa mwanawe yai, kisha mtoto akienda kulala analichora upya. Mtoto si kipofu, asubuhi atajua. Yai lake lililopinda liwekwe mbele, la kwako nyuma. Ukishindwa hilo, nunua mapambo dukani, wala hakuna atakayekulaumu.

Na usipambe ili usifiwe. Najua nani anayesema hivyo, mimi niliyepiga picha mayai yangu kutoka pande zote nikazituma kwenye kundi la familia saa tatu usiku. Lakini nilikwisha jifunza kusimama na kazi yangu kabla hawajaipenda. Mwaka ule wa kicheko sikuyatoa yale maua. Yalikaa juu ya kabati mpaka yakapauka, na kila aliyekuja aliyakuta. Yule bwana aliyecheka ndiye sasa anayenikusanyia maganda ya vitunguu kwenye mfuko, bila kuambiwa. Sijamwambia asante. Nitamwambia.

Mdogo wangu mwenye mkono mzito, kwako nasema anza na mayai, kwa sababu kazi yote inafanywa na jani na soksi, mkono wako hauna nafasi ya kuharibu. Yale matupu yakimaliza sikukuu yarudishe kwenye trei yake, yafunike na yakae pakavu, mwaka kesho utayakuta. Yaliyochemshwa yakakaa mezani yatupwe, hata kama yanapendeza. Maji ya rangi yaliyobaki usiyamwage: tumbukiza humo vitambaa vyeupe vya pamba, vikae usiku kucha, vitatoka na rangi ya kutu iliyotulia. Ukivichemsha kwanza na shabu kidogo rangi itashika zaidi, bila shabu itapauka kila ukifua. Na vaa glavu, la sivyo utaenda kanisani na kucha kama zangu.