Maswali yenu: MaikroRNA na saratani

Shikamoo daktari. MaikroRNA ni kitu gani?

Marahaba. Jeni zetu hutoa nakala za maelekezo, na seli huzisoma ili kutengeneza protini. MaikroRNA ni kipande kifupi mno, cha herufi 22 hivi, kinachoinasa nakala na kuizuia isisomwe. Victor Ambros na Gary Ruvkun walieleza ya kwanza mwaka 1993, katika mnyoo wa milimita moja. Wengi waliona ni mambo ya minyoo tu, hadi mwaka 2000 nyingine ilipoonekana hata kwa binadamu. Tuzo ya Nobel wameipata 2024.

Saratani inaingiaje hapo?

Mwaka 2002 maabara ya Carlo Croce, Marekani, ilikuta kwamba wagonjwa wengi wa aina moja ya saratani ya damu ya watu wazima wamepoteza maikroRNA mbili, miR-15 na miR-16. Kazi yao mojawapo ni kubana BCL2, protini inayozuia seli kufa. Zikikosekana, seli iliyopaswa kufa huendelea kuishi. Nyingine, kama miR-21, hudhuru zikizidi.

Mwanangu ana uvimbe wa taya, wanasema ni saratani iitwayo Burkitt na kuna virusi. Nilikosea wapi?

Pole sana mama. Hukukosea popote. Virusi hivyo, viitwavyo Epstein-Barr, karibu sote tunavyo. Kwa watoto wachache, hasa penye malaria ya mara kwa mara, jeni iitwayo MYC huhama mahali pake na seli hugawanyika ovyo. Daktari Denis Burkitt aliueleza uvimbe huu mwaka 1958 akiwa Uganda, na sampuli zilizotoka huko kwenda London ndizo zilizofichua virusi hivyo mwaka 1964. Miaka arobaini baadaye ikabainika kuwa virusi hivyo vina maikroRNA zao wenyewe, zinazosaidia seli iliyoambukizwa isife na isitambuliwe na kinga. Lakini uvimbe huu husikia dawa vizuri. Tafadhali, msikatishe dozi hata taya likinywea.

MaikroRNA huleta saratani tu?

Hapana. Hitilafu ya herufi moja katika miR-96 huleta uziwi unaorithiwa.

Dawa za maikroRNA zipo?

Kwa saratani, bado. Jaribio la dawa ya MRX34, iliyoiga miR-34, lilisimamishwa 2016 kwa sababu kinga za baadhi ya wagonjwa zilichachamaa, na wapo waliofariki.

Nimeuziwa kipimo cha damu cha maikroRNA, niache kukatwa kipande cha nyama cha kupima saratani?

Usiache, ndugu yangu. Nenda kakatwe wiki hii.