Desemba mlimani: viatu nunua, koti kodi

Mdogo wangu, umeuliza kama wiki ya tarehe 9 Desemba Kilimanjaro itajaa watu, na kama vifaa ukodi hapa Moshi au ununue. Itajaa, hasa njia ya Marangu, maana Watanzania wengi hupanda kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru. Ukitaka utulivu pita Rongai, upande wa kaskazini. Watu wachache na mvua kidogo. Vuli huenda ikawa haijaisha, kwa hiyo jiandae kwa tope huku chini na theluji kule juu.

Viatu usikodi. Nunua mapema, hata vya mtumba pale soko la Memorial, utembee navyo wiki tatu nzima. Mimi nilipanda na vya kukodi nikashuka na kucha mbili nyeusi! Koti zito na begi la kulalia kodi tu, ila jaribu zipu zote kabla hujalipa.

Usiku wa kwenda kileleni baridi hushuka chini ya sifuri. Chupa ya maji igeuze kichwa chini, kwani barafu huanzia juu, na betri za tochi lala nazo ndani ya nguo. Mrija wa kunywea maji kutoka mfuko wa begini? Uache nyumbani, utaganda.