Memwari zisifie kabatini: neno kwa wanaotunza maktaba za vyuo Lubumbashi

Kama unafanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu hapa Lubumbashi na unatafuta pa kuanzia ili iwafae watu wa mji, anza na kabati la memwari, yaani kazi za utafiti ambazo wanafunzi huandika mwisho wa masomo. Vitabu vya kutoka Ulaya vitakuja siku yake, na kompyuta mpya pia.

Kabati hilo limebeba habari za mitaa yetu ambazo hazipatikani mahali pengine. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) wamepima shaba, kobalti na risasi katika mboga za majani zinazouzwa sokoni kwetu. Katika mtaa wa Penga Penga, ambako moshi wa kiwanda cha shaba ulianguka miaka na miaka, udongo umechunguzwa pamoja na majani yanayoweza kuota juu yake. Mwaka 2020 utafiti uliofanyika mjini humu kuhusu kazi ya migodi na watoto wanaozaliwa na ulemavu ulitoka katika The Lancet Planetary Health, jarida linalosomwa bure. Mtu wa Katuba, hapa hapa mjini, mwenye simu na mega kidogo za intaneti anaweza kuufungua usiku huu huu. Lakini memwari ya kijana aliyepima maji ya visima vya mtaa wake, huyo wa Katuba hataiona, kwa sababu vyuo vingi huifungia nyuma ya mlango wa wenye kadi ya mwanafunzi. Hilo linaniuma. Maji ni yake, na kisima ni chake.

Nilipokuwa nahudumia chumba cha kusomea, mama mmoja mkulima wa bustani alikuja na swali moja tu: "Papa, nilimie lengalenga fasi gani?" Nikamtolea memwari moja, nikamfungulia jedwali. Kifaransa cha kurasa zile hakikumsaidia, lakini majina ya mitaa aliyasoma mwenyewe, kidole kikishuka mstari kwa mstari mpaka kikafika kwao. Akaniuliza namba ya pembeni ina maana gani. Tulikaa mezani mpaka akaelewa, kisha nikamwandikia kwa Kiswahili kwenye karatasi akawaonyeshe wenzake.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: kila memwari inayogusa afya, maji, chakula au ardhi ya watu iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili. Kilipimwa nini, wapi, kilionekana nini, mtu afanye nini. Mwanafunzi auandike kabla hajapokea karatasi yake ya mwisho, na mwalimu wake ausome. Mimi naona ukurasa huo una uzito kuliko mashine yoyote tutakayonunua.

Ushauri wa pili ni wa ruhusa. Tamko la Budapest la mwaka 2002 lilisema kazi za kisayansi ziwe huru kusomwa, kupakuliwa, kunakiliwa na kusambazwa, mradi mwandishi atajwe. Basi mwandishi aseme hivyo mwenyewe: siku anapoleta memwari, atie sahihi kwamba anaiachia kwa leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya maandishi ya kuwaachia wengine waitumie kazi bure, na umweleze kuwa kazi inabaki yake. Wengi huogopa kuibiwa. Waambie kwamba kazi iliyowekwa wazi ikiwa na jina na tarehe ni vigumu kuiiba kuliko ile isiyojulikana na mtu.

Chuo kisicho na hazina yake ya kidijitali kitumie Zenodo, hazina ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, tangu 2013. Hailipishwi, na kila kazi hupewa namba ya kudumu inayoweza kutajwa popote. Faili ziwe ndogo, maana msomaji wetu ananunua mega. Na kabla ya kuweka chochote, ondoa majina ya wagonjwa na namba za simu za waliohojiwa. Hapo usimwachie mwingine, soma mwenyewe.

Kwa majarida ya kulipia, Kongo imo kati ya nchi zinazopata bila malipo Research4Life, mpango wa kufungulia nchi zenye kipato kidogo majarida ya kisayansi: Hinari kwa afya, AGORA kwa kilimo. Taasisi ndiyo hujiandikisha, si mtu binafsi, kwa hiyo nywila isikae mfukoni mwa mkubwa mmoja anayesafiri. Kwa siku za umeme kukatika, weka programu ya Kiwix kwenye kompyuta yenye betri nzuri. Wikipedia husomeka humo bila intaneti.

Memwari za zamani ambazo wenyewe hawajulikani walipo usiziweke nzima. Weka kichwa, jina, mwaka na muhtasari, uongeze namba ya rafu. Halafu tenga meza moja Jumamosi asubuhi kwa wasio wanafunzi: muuguzi wa kituo cha afya, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa bustani. Waje na swali, wasome palepale, na awepo mtu wa kuwasomea Kifaransa.