Kutembea na mbwa Lushoto

Dada, umeuliza utampeleka wapi mbwa wako mtakapokwenda Lushoto wiki mbili, na kama Kilimanjaro inawezekana. Kilimanjaro ondoa kabisa: hifadhi za taifa haziruhusu mbwa. Msitu wa Magamba nao nakushauri uuache, kuna mbega na wanyama wengine ambao mbwa atawasumbua hata akiwa mpole.

Njia ninayoipenda ni ya kutoka mjini hadi Irente, kilomita tano au sita hivi, ikipita kwenye mashamba na vijiji vya Washambaa. Toka alfajiri, kabla barabara haijajaa bodaboda. Ukikaribia ukingo wa mwamba, mfunge kamba fupi na uishike mwenyewe, usimpe mtoto. Pale ardhi inakatika ghafla hadi tambarare za Mazinde chini kabisa, na mbwa akimwona ndege hafikirii shimo.

Vijijini utakutana na mbuzi, kuku na watoto wengi. Waislamu ni wengi huko, na kuguswa na mate ya mbwa kunawalazimu kujitwaharisha, kwa hiyo mvute kando, salimia, waache wapite kwanza. Ukifanya hivyo watakuelekeza njia kwa furaha.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai, na cheti ukibebe. Jioni mpapase masikioni na katikati ya vidole, kupe hujificha humo. Usiku kuna baridi kali, hasa Juni na Julai, asilale nje.