Kinachonuka si taka, ni maji

Mwaka tuliohamia Tabata, Dar es Salaam, gari la taka lilikuwa linapita mtaani kwetu Jumamosi, na zipo Jumamosi ambazo halikupita kabisa. Nyumba ni ya kupanga: vyumba sita, ua mmoja, bomba moja, choo cha kuchangia. Viroba vya taka vilikaa nyuma ya choo, na ikifika Alhamisi hata paka walikuwa wanapita kwa mbali. Hela ya taka tunalipa, risiti tunapewa, na funza tunao.

Nasema haya ili mtu asidhani nilianza kwa kupenda mazingira. Nilianza kwa sababu ya aibu. Asubuhi moja mama mwenye nyumba alinisimamisha mlangoni.

"Mwanangu, kile kiroba kinachovuja pale nyuma ni cha nani?"

"Shikamoo mama," nikamjibu.

Kilikuwa changu.

Siku ile nilitandika turubai kuukuu uani, nikavaa mifuko mikononi, nikakimwaga chote. Nilitaka kujua ninachotupa ni kitu gani hasa. Kikatoka: maganda ya ndizi mzuzu na ya viazi, machicha ya nazi, vikonyo vya mchicha, majani ya chai, maganda ya mayai, ukoko wa wali. Hivyo ndivyo vilivyojaza zaidi ya nusu ya kiroba. Vilivyobaki ni chupa za maji, makopo, vifungashio vya sukari na sabuni, karatasi, na ile mifuko ya kitambaa laini iliyoingia sokoni baada ya ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019. Vitu vikavu kwa asili yake. Vingeweza kukaa mwezi mzima kwenye kona bila kumsumbua mtu. Lakini vyote vilikuwa vinachuruzika maji ya maganda, na ndiyo maana vyote vilinuka.

Kazi yangu yote tangu siku ile ni hiyo tu: kuzuia kibichi kisikutane na kikavu. Mengine yanafuata hapo.

Jikoni nina kopo la rangi la lita 4 lenye mfuniko kwa ajili ya mabichi. Makavu yana kiroba kinachoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Chupa na makopo nayakusanya peke yake, maana kuna kijana anapita na toroli, anayachukua na kwenda kuyauza kwa kilo. Ukimwachia chupa zenye juisi iliyochacha ndani hatarudi, na ana haki. Zisuuze kwa maji uliyooshea vyombo, zikaushe, zikanyage ziwe bapa.

Sasa mabichi. Hapa ndipo nilipoharibu kwanza.

Nilichukua ndoo ya lita 20 iliyopasuka mdomo, nikawa namimina kila kitu cha jikoni humo, nikaifunika vizuri, nikasubiri mboji, yaani mbolea ya maganda yaliyoiva. Baada ya siku tisa nilifungua mfuniko na jirani wa chumba cha kona akatoka nje kuuliza kama kuna panya amekufa. Ndani kulikuwa na uji mweusi, funza weupe wanene, na vichwa vya dagaa vikielea. Nilichimba shimo usiku, nikafukia, nikanawa mikono mara nne.

Makosa yalikuwa matatu. Ndoo haikuwa na tundu hata moja, kwa hiyo maji hayakuwa na pa kutokea na hewa haikuwa na pa kuingilia. Nilitia samaki na mabaki yenye mafuta. Na sikutia kitu kikavu chochote. Maganda yakikosa hewa hayaivi, yanaoza, na kuoza na kuiva ni mambo mawili tofauti. Anayepika togwa ananielewa.

Ndoo ninayotumia leo ina matundu ya upana wa kidole kidogo, kama kumi chini na safu tatu ubavuni. Nilitoboa kwa msumari wa inchi sita uliochomwa jikoni na kushikwa kwa koleo. Imekaa juu ya matofali mawili, chini yake kuna beseni bovu la kukinga maji yanayodondoka. Ndani nilianza na tabaka la makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, kama kiganja kwa unene. Kila jioni namwaga kopo la jikoni, kisha nafunika kwa maranda ya mbao, kiasi kilekile au kuzidi kidogo. Maganda yasionekane. Ukiona ganda, ongeza maranda.

Maranda hayauzwi mtaani kwetu. Fundi seremala anashukuru ukimpunguzia. Muulize tu kama mbao imepigwa dawa ya mchwa, na kama imepigwa, yaache. Asiye na seremala karibu atumie majani makavu ya mwembe yaliyofagiliwa uani, au maboksi yaliyochanwachanwa vipande vidogo.

Ndizi mzuzu nakata maganda yake vipande vya urefu wa kidole, maana yakiingia mazima yanakawia. Mayai napondaponda. Majivu ya mkaa natia ngumi moja kwa wiki, siyo zaidi. Samaki, nyama, mifupa, ubwabwa na chochote kilichoungwa kwa mafuta haviingii kabisa. Ukoko na makombo ya wali yanakwenda kwa kuku wa mama mwenye nyumba, na machicha ya nazi vilevile, ambayo kuku wanayagombania kuliko pumba. Tangu niwe napeleka machicha, mimi na mama yule ni watu wa kucheka.

Mara moja kwa wiki nakoroga kwa kipande cha bomba la chuma mpaka chini. Kisha nachota gao moja na kulibana. Likitoka tone moja au mawili, hali ni nzuri. Likichuruzika, naongeza maranda. Likiwa kavu kiasi cha kupukutika mkononi, nanyunyiza maji. Hakuna kipimo kingine ninachotumia. Ndoo ikijaa naiacha ipumzike na kuanza kujaza ya pili; kwa joto la Dar, miezi miwili na nusu mpaka mitatu inatosha. Inaponukia kama udongo baada ya mvua ya kwanza, na huwezi tena kutambua ganda wala jani la chai, imeiva. Vipande vya makumbi vitabaki, virudishe kwenye ndoo mpya.

Maji ya kwenye beseni usiyamimine kwenye mimea yalivyo. Nayachanganya kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya maji, na nayamwaga kwenye udongo, kamwe si kwenye majani ya mboga tutakayokula.

Mboji ya kwanza ilipotoka sikuwa na shamba, na ua wenyewe ni saruji tupu. Nikatumia kiroba cha mchele cha kilo 25. Tia ndani kokoto chache chini, kisha chukua kopo la maziwa ya unga lililokatwa matako pande zote mbili, lisimamishe katikati ya kiroba na ulijaze kokoto. Pembeni yake jaza udongo: ndoo mbili za udongo wa kawaida, moja ya mboji, nusu ya mchanga. Ukifika usawa wa kopo, livute juu taratibu. Kokoto zinabaki zimesimama kama nguzo. Lijaze tena, zungushia udongo tena, mpaka juu. Nguzo ile ndiyo inayopeleka maji mpaka chini. Bila hiyo, mboga za juu zinakunywa maji yote na za ubavuni zinakauka.

Ubavuni natoboa matundu kwa kisu, kila moja umbali wa shubiri, nachomeka marando ya matembele. Mtu yeyote mwenye matembele atakupa marando bure, ukiomba vizuri. Juu napanda mchicha. Mchicha unaanza kuvunwa ndani ya wiki nne, na matembele ukiyachuma vizuri, ncha tu, yanatoa mpaka uyachoke. Mimi nimeyachoka kidogo. Watoto wameyachoka sana.

Kitu cha pili kilichonisaidia hakihusiani na mboga kabisa: chenga za mkaa. Anayenunua mkaa kwa gunia anajua kwamba ukifika chini unakuta vumbi na vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, ambavyo vinapenya kwenye jiko na kuzima moto. Sisi tulikuwa tunavitupa. Bibi yangu, kule Tanga, hakuwahi kuvitupa, ila nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa anavifinyanga kuwa matonge ya kupikia, mpaka siku ile ya turubai.

Twanga vipande vikubwa, chekecha. Kwa kilo moja ya chenga, koroga vijiko vinne vikubwa vya unga wa muhogo kwenye maji baridi ya nusu lita, bandika, koroga mpaka iwe uji mzito wa kunata. Mimina kwenye chenga ungali wa moto, changanya kwa mwiko, ukipoa malizia kwa mkono. Finyanga matonge ya ukubwa wa limau. Lishike tonge, lidondoshe kutoka usawa wa goti: likipasuka, uji haujatosha. Anika juani siku tatu au nne, ukigeuza. Bibi alitumia udongo wa mfinyanzi badala ya uji, nao unafaa, ila majivu yanakuwa mengi.

Usitegemee matonge haya kwa chai ya haraka asubuhi. Hayashiki upesi. Washa mkaa wa kawaida kwanza, ukikolea panga matonge matano au sita juu. Yakishika yanakaa. Maharage yangu yanaiva kwa moto huo bila kuongeza kitu. Tonge likitoa moshi, halijakauka ndani, lirudishe juani. Na jambo moja ambalo sitanii: jiko la mkaa, la matonge au la kawaida, haliingii chumbani kulala nalo, hata mvua inyeshe vipi. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo inaua watu wakiwa usingizini.

Khanga zilizochakaa nazikata vitambaa vya kufutia meza na kushikia sufuria moto. Sijanunua tambara tangu hapo. Kikapu cha ukindu kinakaa karibu na mlango, kwa sababu kikikaa kabatini unakikumbuka ukiwa umeshafika sokoni, na unarudi na mfuko mwingine wa kitambaa juu ya ile kumi na saba uliyonayo.

Yapo niliyojaribu nikayaacha. Sabuni ya mafuta yaliyochoka ilinishinda: magadi ya kutengenezea sabuni (kostiki soda) yanachoma ngozi vibaya, nyumba yetu ina watoto watano wanaogusa kila kitu, na sikuona sababu ya kuhatarisha jicho la mtoto ili nipate miche sita ya sabuni. Mafuta yangu sasa nakaangia kidogo kidogo, yanayobaki nayafuta kwa karatasi kabla ya kuosha sufuria. Maua ya chupa za plastiki pia nilitengeneza, ya rangi tatu. Yalikaa sebuleni miezi miwili yakikusanya vumbi, kisha yakawa taka, safari hii zenye rangi. Kitu ambacho hukukihitaji jana hakiwi na kazi kwa sababu umekitengeneza kwa chupa.

Na tafadhali, tusichome taka. Kuna jirani wa nyumba ya pili anayewasha plastiki kila magharibi, moshi unaingia kwetu wakati tunakula. Wengine wanasubiri mvua ya masika wamwage taka mtaroni, maji yazipeleke bonde la Msimbazi. Yanazipeleka kweli, zinaziba makalavati, na watu wa bondeni ndio wanaoamka maji yamefika kitandani.

Zamani nilikuwa natoa viroba viwili kila wiki, vinavyovuja. Sasa natoa kimoja, kikavu, na wiki nyingine hakijajaa nakiacha. Likipita gari la kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi au lisipopita, nalala vizuri.

Kilichobaki ndani yake, ukikifungua leo, ni vifungashio vya biskuti, betri za tochi, na nepi. Nepi sijazipatia dawa. Bibi alitulea kwa vipande vya khanga vilivyofuliwa kila siku, lakini kisima kilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Kwetu bomba linatoka Jumanne na Ijumaa, likitaka. Nilijaribu vitambaa mchana na nepi usiku, nikafika wiki ya tatu, madumu yakakauka siku ya nne mfululizo, nikarudi dukani. Mtoto ana mwaka na miezi mitano. Nimeanza kumkalisha kwenye poti kila akitoka kulala.

Jana alikalia dakika kumi, akasimama, akajisaidia pembeni yake.