Maswali ya Wasomaji: Miezi Saba Tanga, na Uraia wa Marekani

SWALI: Wahariri, salamu. Mwanangu ana kadi ya ukaazi wa kudumu ya Marekani, yuko Ohio mwaka wa tano huu. Mwaka juzi alikuja kumuuguza baba yake, akabaki mpaka arobaini. Jumla miezi saba. Sasa anataka uraia, wenzake wanamwambia miaka yake imefutika. Ni kweli?
Mama wa Ngamiani, Barabara ya 12

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa msiba. Haijafutika, ila imeingia shaka. Sheria inataka miaka 5 ya ukaazi usiokatika (3 kwa anayeishi na mume au mke raia wa huko), na ndani ya miaka hiyo 5 awe amekuwa Marekani kwenyewe miezi 30, ukijumlisha. Safari isiyozidi miezi 6 haina neno. Ikipita miezi 6 bila kufika mwaka, ofisa huchukulia kuwa ukaazi umekatika mpaka mwombaji athibitishe kinyume. Ikifika mwaka, umekatika kweli.

Kwa hiyo abebe mkataba wa pango uliokuwa hai miezi hiyo saba, barua ya mwajiri kuwa kazi hakuacha, na nakala za kodi ya mapato. Cheti cha kifo kinaeleza tu kwa nini alikaa Tanga, na ofisa anachotaka kujua ni kama aliihama Ohio. Karatasi za Kiswahili ziende na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri.

Fomu ni N-400. Inapokewa kuanzia siku 90 kabla ya miaka 5 kutimia. Ada dola 710 mtandaoni, 760 kwa karatasi. Wengi hujikwaa kwenye orodha ya safari: kila safari ya saa 24 au zaidi huandikwa, tarehe ya kutoka na ya kurudi. Mtu huandika kwa kukumbukakumbuka, kumbe ofisa ameshika pasipoti yenye mihuri. Aifungue pasipoti, anakili humo.

Na umuulize mapema: alipochukua leseni ya udereva, aliweka alama kwenye kisanduku cha kujiandikisha kupiga kura? Ofisi za leseni huko huuliza hivyo kwa mazoea. Kura ya kitaifa ni ya raia peke yao, na alama ile yaweza kumnyima uraia, hata kumfukuzisha nchini. Kama aliiweka, amwone wakili kabla hajaigusa N-400.

SWALI: Dada yangu anajiandaa na mtihani wa uraia. Namsomesha kwa simu, naye anakosa yale mepesi. Kwa nini?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Tunashuku anajibu Kitanzania. Waliowasilisha N-400 kuanzia 20 Oktoba 2025 husoma maswali 128. Huulizwa kwa mdomo hadi 20, na kufaulu ni 12. Akikosa 9, wanaishia hapo. Akianguka, hurudia mara moja tu, baada ya siku 60 hadi 90.

Akisikia gavana, akili inakimbilia Mkuu wa Mkoa wetu, anayeteuliwa na Rais. Gavana huchaguliwa na wananchi wa jimbo lake, na Rais hawezi kumwondoa. Waziri Mkuu hawana kabisa. Mawaziri hawawi wabunge. Mbunge akiteuliwa, anaachia kiti. Bunge lao lina mabaraza mawili. Seneti ina wajumbe 100, wawili kila jimbo, iwe California kubwa au Wyoming yenye watu wachache, kwa miaka 6. Baraza la Wawakilishi lina 435, kwa idadi ya watu, miaka 2. Rais naye mtu anaweza kuzidiwa kura za nchi nzima na bado akashinda, maana kinachohesabiwa ni kura za wajumbe maalumu wa majimbo wanaomchagua Rais, 270 kati ya 538.

Majina ya gavana na maseneta asiyakariri kwenye kijitabu cha zamani. Wanataka aliyepo siku ya mahojiano.

SWALI: Akishaapa, anabaki Mtanzania?
Msomaji, Pangani

JIBU: Habaki. Sheria ya Uraia ya 1995 humwondolea mtu mzima uraia wetu akichukua wa nchi nyingine kwa hiari. Atakuja nyumbani kwa viza, ambayo kwa Mmarekani ni dola 100. Kama kuna shamba au kiwanja kwa jina lake, amwone mwanasheria wa ardhi kabla ya kiapo.