Kwa nini Mto Msimbazi usichimbwe tu na kujengewa kuta?

SWALI: Naishi Kigogo, Dar es Salaam, na masika maji hutuingilia ndani. Kwa nini Msimbazi usichimbwe kina na kujengewa kuta za zege mpaka baharini, sisi tukabaki tulipo? Na hiyo bustani ambayo mradi wa Bonde la Msimbazi unataka kuiweka bondeni ni ya nini?

JIBU: Pole sana, ndugu. Kuchimba kunahitajika, ila peke yake hakudumu kwa sababu ya tope. Mvua ikikatika, pita Jangwani uone mchanga ulivyopanda chini ya daraja. Unatoka vilima vya Pugu na kingo zinazomeguka huko juu, ambako watu pia wanachimba mchanga mtoni. Hesabu yake ni kali: mto mpana ukipoteza nusu ya kina, uwezo wa kupitisha maji haubaki nusu, unashuka chini ya theluthi moja. Mnazoa Februari, masika yanafukia.

Kuta huongeza kasi ya maji na kumhamishia balaa jirani wa chini. Halafu mvua iliyonyesha mitaani, nyuma ya ukuta, itaingiaje mtoni? Utataka pampu, na umeme usiokatika siku ya mvua kubwa (hapo sisemi kitu). Na kule daraja la Selander, mto unapoingia baharini, siku za bamvua (bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida), tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mafuriko yakifika bahari ikiwa imejaa, mto hauna pa kutokea; lazima upate pa kusubiri.

Hiyo ndiyo kazi ya bustani. Uwanja wa mpira ukizama saa kadhaa, kesho watu wanacheza, nyumba haiwezi. Udongo unaochimbwa huinua pembeni mwa bonde, na juu yake ndipo pa kujenga.

Mimi swali langu kwa wenye mradi lingekuwa hili: mabwawa ya kunasa tope yatakuwa wapi, na nani atayazoa kila mwaka kabla ya masika? Bila hayo, bustani yenyewe itafukiwa.

Kuhusu kubaki, usitegemee kamba ya kupimia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataja mita 60 kutoka ukingoni, lakini bonde likiwa tambarare maji huvuka hapo bila shida. Tafuta alama ya tope iliyoachwa ukutani na mafuriko ya Aprili 2018. Kama sakafu yako iko chini yake, ukuta wa zege usikupe matumaini.